Blue Line ya Lagos: nyota nne kutoka kwa muuza lesi wa Kariakoo

Blue Line, treni ya umeme ya jiji la Lagos, naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka reli ifike Okokomaiko, na sababu nitaisema huko chini.

Mimi nauza lesi na vitambaa vya sherehe Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo, huu mwaka wa 11. Miaka yote lesi nilikuwa naletewa. Inapita kwa huyu, inapita kwa yule, kila mmoja anapachika chake juu, mpaka yadi 5 zinafika dukani kwa bei ambayo bibi harusi akitajiwa anauliza kama na fundi yumo humo. Novemba 2025 nikasema basi, naenda mwenyewe Balogun, soko la vitambaa la Lagos.

Kabla ya safari nilipewa semina. Mume wangu akasema pesa niziweke sehemu tatu na soksi iwe mojawapo. Shemeji akanitumia video ya Trump, maana tarehe 31 Oktoba Marekani ilikuwa imeirudisha Nigeria kwenye orodha yake ya nchi zinazobana uhuru wa dini, na kesho yake Trump akatishia kupeleka jeshi akidai Wakristo wanachinjwa. Serikali ya Abuja ikakanusha, lakini shemeji kukanusha hakukusikia. Aliniuliza, "Unakwenda kununua lesi au kuzikwa nayo?" Mama mkwe mambo ya Trump hakuwa nayo, yeye ana muvi za Kinaijeria. Akanishika mkono akanisihi nisile chakula cha mtu ambaye hajala kwanza mbele yangu.

Pesa pekee niliyotapeliwa safari nzima niliitapeliwa Dar, na dalali wa viza, Mbongo mwenzangu kabisa, aliyekula laki tatu akazima simu. Na wala sikumhitaji. Nigeria ilishaanza viza ya mtandaoni tangu Mei 2025, nikaomba mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya robota la vitambaa.

Nilifikia kwa dada mmoja Mwigbo tuliyejuana kwenye biashara, anakaa Festac, mtaa mkubwa uliojengwa kwa ajili ya tamasha la sanaa la Waafrika la mwaka 1977. Kutoka Festac kwenda Balogun unavuka jiji. Kuna Mile 2, kuna barabara ya Badagry, kuna Orile, halafu madaraja ya kuingilia Lagos Island. Kwa danfo, yale mabasi ya njano, mwenyeji wangu aliniambia nihesabu masaa mawili na nisimdai mtu nikichelewa. Halafu akasema, "Au upande treni."

Nilidhani ananitania. Lagos na treni wapi na wapi? Katika semina zote nilizopewa hakuna aliyeitaja.

Basi Jumatano tarehe 19 tukashuka Mile 2. Chini ya kituo ni Lagos ileile mnayoijua kwa kuhadithiwa. Makonda wananing'inia milangoni wakiita njia zao, keke, ambazo ni bajaji tu, zinapenya mahali ambapo hata baiskeli ingefikiria mara mbili, mama anachoma ndizi juu ya mkaa, spika mbili zinashindana nyimbo mbili. Unapanda ngazi. Unagonga kadi getini. Na hapo, kama mtu kafunga mlango, kelele zinabaki chini.

Kadi yenyewe inaitwa Cowry, na jina hilo lilinifurahisha kuliko nilivyomwonyesha mwenyeji wangu. Cowry ni kauri, zile zilizokuwa pesa za huko zamani. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wanazisomba kauri kwetu, Zanzibar, kwa shehena za meli, wanakwenda kununulia mawese Lagos. Kwa hiyo mtu wa pwani akigonga kadi pale getini, ajue babu zake walishawahi kuchangia nauli. Kadi hiyohiyo inatumika pia kwenye mabasi yao ya mwendokasi, ambayo wameanza nayo mwaka 2008. Sisi tulianza 2016.

Reli ina kilomita 13 na vituo 5: Mile 2, Suru-Alaba, Orile Iganmu, National Theatre, Marina. Ni ya umeme, ila usitazame juu kutafuta nyaya kama kwenye SGR yetu. Umeme unapita kwenye reli ya tatu pembeni, volti 750, ndiyo maana kukatiza njia ni kujiua. Aliyejenga ni Mchina, CCECC, kampuni iliyozaliwa kwenye idara ileile ya reli ya China iliyotujengea TAZARA. Behewa safi, baridi ya kutosha, viti vimepangwa kando ili katikati watu wasimame. Na watu wamesimama kimya! Nilikuwa nimejiandaa kusukumwa, nimekumbatia mkoba kama mtoto mchanga, halafu natazama naona ni mimi tu niliyekaa hivyo. Kijana mmoja aliyevaa tai alinitazama mkono, akatabasamu, akaangalia pembeni. Niliona haya, nikaulegeza.

Mwenyeji wangu alinisimulia habari ya reli hii kwa uchungu wa mtu aliyekua akiisubiri. Gavana Lateef Jakande aliipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanajeshi wakapindua nchi, na mwaka 1985 serikali ya Jenerali Buhari ikaufuta mradi. Ukalala. Hii Blue Line wakaanza kuijenga karibu 2010, wakisema miaka michache tu. Ikaja kuzinduliwa Januari 2023, abiria wakapanda Septemba mwaka huo. Na aliyekuja kukata utepe ni nani? Buhari huyohuyo, safari hii rais wa kuchaguliwa, amevaa kanzu, anapanda treni anapigiwa makofi. Mwenyeji wangu alisimulia huku anacheka mpaka anafuta machozi, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko.

Mle ndani nilipofungua mdomo wakajua mimi mgeni. "Tanzania? Kiswahili?" Baba mmoja aliyevaa jezi ya Super Eagles, timu yao ya taifa, akanigeukia na shtaka rasmi. Jumapili ile, tarehe 16, Kongo ilikuwa imewatoa kwa penalti kule Rabat kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, na kocha wao alikuwa analalamika kwamba Wakongo wamefanya uchawi. "Nyinyi na Wakongo lugha moja," baba akasema. "Mlitufanyia nini?" Behewa likaangua kicheko. Nikamwambia sisi tunaoangalia muvi zenu tangu utotoni tunajua uchawi uko kwa nani. Wakacheka zaidi, na yeye akanipa mkono.

Mama aliyekaa kushoto kwangu hakucheka. Alikuwa anasoma simu. Jumatatu watu wenye silaha walikuwa wameingia shule ya wasichana Maga, jimbo la Kebbi, usiku, wakachukua wanafunzi 25. Kebbi ni mbali na Lagos kama kutoka kwetu kwenda nchi nyingine, lakini yule mama alikuwa anashusha skrini kwa kidole taratibu kana kwamba anatafuta jina. Nikamwambia pole. Akasema, "Kwanza Chibok. Sasa tena." Chibok ni mwaka 2014, wasichana 276. Akazima simu akaiweka kwenye mkoba, halafu akaniuliza swali ambalo kwenye semina yangu halikuwemo: "Na nyinyi je? Tuliona habari za kwenu. Watoto wako salama?"

Nilikuwa nimekuja Lagos nikijiona natoka penye amani naingia penye hatari. Kumbe kwa yule mama mimi ndiye niliyetoka kwenye picha mbaya: uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, watu kuuawa, Dar kufungiwa ndani usiku, intaneti kukatwa. Alikuwa ameziona picha za jiji langu kabla yangu, maana sisi wenyewe siku zile simu zetu zilikuwa tofali. Nikamjibu wapo salama, ahsante. Akasema atatuombea. Alinipigapiga goti, vile mtu anavyomfariji mfiwa.

Ukitoka Orile utaona kushoto au kulia, kutegemea umekaaje, jumba lenye umbo la kofia ya mwanajeshi. Ndiyo National Theatre, nalo lilijengwa kwa tamasha lile la 1977, ramani yake ikaigwa jumba moja la Varna, Bulgaria. Limekarabatiwa, likafunguliwa upya Oktoba 2025 kwa jina la Wole Soyinka. Mwezi huohuo mzee Soyinka, mwenye Nobel ya 1986, umri miaka 91, alitangaza kwamba Wamarekani wamemfutia viza. Nchini kwake anapewa jumba, ugenini anafungiwa mlango. Mwenyeji wangu alisema kwa Mnaijeria hiyo ni wiki ya kawaida tu.

Halafu treni inaingia juu ya maji ya lagoni, na hapa nawaambia msitazame simu. Magari upande wa daraja yamesimama kama yamepakwa gundi, mtumbwi unapita chini, majengo ya Marina yanakujia mbele. Nilitazama saa: kutoka Mile 2 haikufika nusu saa.

Marina unashuka, unatembea kidogo, unaingia Balogun. Balogun ni Kariakoo iliyokosa usingizi. Sitaieleza yote, hii si habari ya soko, ila mawili. La kwanza, malipo. Huko hakuna mambo ya M-Pesa tunayojivunia sisi, watu wanatumiana pesa benki kwa benki, papo hapo. Lakini hakuna muuzaji atakayekupa mzigo kwa kuonyeshwa skrini yako. Anasubiri ujumbe uingie kwenye simu yake, wao wanauita "alert", na kama simu yake haijalia, mtasimama hapo mkitazamana. Sababu ni kwamba kuna matapeli wa alert za kughushi. Na Festac nimeona kuta za nyumba zimeandikwa kwa rangi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, jihadhari na 419, yaani matapeli, maana mtu anaweza kukuuzia nyumba ya jirani. Sisi huku tunawaogopa wapopo, matapeli wa Kinaijeria. Wao wanaishi nao, wameshajifunza kuandika ukutani.

La pili, yadi. Jioni nilipima lesi zangu kwa futi yangu mwenyewe, kipande kimoja kikatoka yadi 4 na nusu badala ya 5. Kesho yake nikapanda treni nikarudi nacho. Muuzaji alikipima, akapima tena, akaguna, akaniongezea kitambaa cha gele, kilemba chao cha sherehe, na kuniambia "Madam Tanzania, no vex", yaani usikasirike. Alipunja kwa makusudi? Sijui. Kariakoo nimewahi kufanya zaidi ya hapo na sikumpa mtu kilemba.

Bei ilinifurahisha na kunitia aibu pamoja. Mei 2023 dola moja ilikuwa kama naira 460. Rais Tinubu akaingia, siku ya kuapishwa akatangaza ruzuku ya petroli imekwisha, mwezi uliofuata naira ikaachiwa ielee. Nilipofika dola ilikuwa inacheza kwenye 1,450. Mimi nilinunua kama tajiri. Mwenyeji wangu, anayeingiza naira, amepunguza nyama chunguni na jenereta anawasha masaa mawili tu jioni, kale kadogo wanakokaita "nimempita jirani". Kwa hiyo nauli ya treni sitawaandikia, ulizeni mkifika. Naira ya leo si ya jana.

Sasa nyota ya tano. Reli inaishia Mile 2. Watu wengi wa njia ile wanatoka mbele zaidi, Okokomaiko, ambako awamu ya pili bado inajengwa, na wao bado wanateseka kwenye foleni kabla ya kuja kuonja raha ya nusu saa. Mgeni anayefikia Ikeja pia haimsaidii, yeye aulizie Red Line, ambayo ni nyingine na inatumia dizeli. Lakini kwa mfanyabiashara anayelala upande wa Festac na kununua Balogun, msipande danfo. Nendeni asubuhi, mrudi kabla ofisi hazijafungwa, na msijaze begi kupita kiasi. Mimi nilirudi na shangazi kaja mmoja, askari wa getini akautazama, akanitazama mimi, akaniruhusu. Huko wanauita "Ghana Must Go", kwa ajili ya Waghana waliofukuzwa Nigeria mwaka 1983 na vitu vyao humo. Miaka 40 na ushee na begi bado linawasema.

Begi hilohilo lilinisimamisha uwanja wa kubadilishia ndege, si kwetu na si kwao. Afisa aliona muhuri wa Lagos kwenye pasi, akaniambia fungua. Akatoa lesi moja moja, akazinusa, akabonyeza pindo za begi, akapekua mkoba. Akakuta ile kadi ya Cowry, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii ya nini?"

"Ya treni."

"Treni ya wapi?"

"Lagos."

Akanitazama vile nilivyomtazama mwenyeji wangu siku ya kwanza. Kisha akaniambia nipange vitu vyangu, na kunisaidia hakunisaidia.

Kadi ninayo dukani, ina salio. Anayekwenda Balogun mwezi wa pili apite aichukue, aniletee yadi 10 za lesi ya rangi ya maziwa, na apime kabla ya kulipa.