Kutoka SUV ya petroli hadi pikapu ya dizeli: uzoefu wangu wa kuvuta tela

Ukisema unatafuta pikapu ya dizeli ya kuvutia tela, kila mtu atakupa sifa ileile: mlima inaumeza. Ni kweli, inaumeza. Lakini kwangu mimi, baada ya kuizoea, kupanda mlima ni jambo la tatu kwa umuhimu. La kwanza ni kushuka. La pili ni kwamba tela halinichezeshi tena barabarani, na hilo wala halitokani na dizeli.

Kwanza mjue ninavuta nini. Nina kijiko kidogo cha kuchimbia mitaro, cha tani 1.7. Ukijumlisha tela lenyewe, ndoo za ziada, minyororo na vikorokoro vinavyorushwa juu yake dakika ya mwisho, mzigo unakaribia tani mbili na nusu. Zamani niliuvuta kwa SUV ya petroli ya silinda nne, lita 2.7, otomatiki. Sasa nauvuta kwa pikapu ya milango minne, dizeli yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), lita 2.8, nayo otomatiki. Majina ya kampuni nayaacha makusudi, maana mengi ya ninayoyasema utayakuta kwenye gari lolote la aina hizo mbili. Na SUV sitaisema vibaya: mzigo ulikuwa ndani ya kiwango chake, na haikuwahi kunilaza njiani.

Ila ilikuwa inafanya kazi kwa jasho. Ili mnielewe, nachukua magari mawili ambayo takwimu zake zinajulikana. Toyota Prado ya petroli ya lita 2.7 hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 246, na huifikia injini ikiwa karibu na mizunguko 3,900 kwa dakika. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia otomatiki, ile iliyoboreshwa mwaka 2020, hutoa Nm 500 kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,800. Ukipiga hesabu, petroli ikiwa kwenye 3,900 inatoa kama kilowati 100. Dizeli inazitoa kilowati hizohizo kabla haijafika mizunguko 2,000. Kwa hiyo anayesema petroli "haina nguvu" anakosea. Nguvu inayo, lakini kila ukiihitaji lazima uipigishe kelele.

Na kelele hizo ndizo zilinichosha. Kwenye mlima mrefu gia za SUV zilikuwa hazitulii: inaingia ya nne, inaishiwa pumzi, inarudi ya tatu, mshale wa mizunguko unaruka hadi 4,000, sekunde chache tena inajaribu ya nne. Kila ikibadili hivyo oili ya gia inazidi kuchemka, na oili ya gia iliyochemka ndiyo inayoua otomatiki za magari yanayovuta. Nilikuwa naifunga kwenye ya tatu na kuvumilia ule mvumo. Ukiwa nyanda za juu hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Turbo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi ndani. Pikapu inapanda mlima uleule ikiwa gia ya nne au ya tano, mshale uko kwenye 2,000 na kitu, na watu ndani wanaongea kwa sauti ya kawaida. Basi, kwenye kupanda sina la kuongeza.

Sasa tuje kwenye kushuka, ambako ndiko tela linapoua watu.

Wengi wanaamini dizeli inashika vizuri mteremkoni kuliko petroli kwa vile mgandamizo wake ni mkubwa. Hiyo ni nusu ya habari. Injini ya petroli ina kilango cha kupimia hewa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta kinajifunga, pistoni zinavuta hewa isiyopatikana, na kuvuta huko ndiko kunakoshika gari. Dizeli haiendeshwi kwa kuzuia hewa inayoingia, inaendeshwa kwa kupunguza au kuongeza mafuta tu. Hewa inaingia kwa wingi, inagandamizwa, kisha inaisukuma pistoni kurudi chini. Ukiachia mafuta, gari linajiendea. Dizeli ya kawaida isiyo na kifaa cha kusaidia inaweza kukushangaza mteremkoni, na ukiwa na tani mbili na nusu mgongoni huo si mshangao mzuri.

Kinachobadilisha mambo ni breki ya ekzosi. Kwenye gari langu ni kitufe karibu na gia. Ukikibonyeza, mabawa ya turbo yanajibana na kuziba njia ya moshi, injini inalazimika kuusukuma moshi wake kwa shida, na shida hiyo inakuwa breki. Unasikia mlio mzito, kama mtu anayepuliza chupa tupu, gia inashuka yenyewe hadi ya tatu, mshale unapanda karibu na 3,000 na kukaa hapo. Kuna mteremko mmoja ninaoupita mara kwa mara, mrefu, wenye kona zinazofuatana. Kwa SUV nilikuwa nafika chini pedi zikinuka na pedali imelegea kidogo. Kwa pikapu nashuka wote mguu ukiwa pembeni, nagusa breki kwenye kona mbili kali tu. Nikisimama chini huwa nasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa: inapata joto, lakini si lile joto la kukufanya urudishe mkono haraka.

Angalizo: si pikapu zote za ukubwa huu zina kifaa hicho. Magari makubwa ya Marekani, kwa mfano Ram yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, huja nacho kutoka kiwandani. Kwenye pikapu za kati ni bahati yako na toleo ulilochagua. Uliza kabla hujalipa, na usikubali jibu la "ina injini breki", maana kila gari litaitwa hivyo na muuzaji anayetaka kuuza.

Jambo la pili ni utulivu, na hapa ndipo naona watu wanachanganya mambo. Tela likianza kuyumba, yaani mkia unaenda kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, injini haina msaada wowote. Kinachosaidia ni urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, uzito wa gari, na jinsi mzigo ulivyopangwa. Prado niliyoitaja ina milimita 2,790 kati ya ekseli; Hilux ina 3,085. Sentimita 30 hivi za ziada kwenye karatasi ni kitu kidogo. Lori likikupita kwa kasi na upepo wake ukakupiga ubavuni, si kidogo hata kimoja. Springi za nyuma za SUV zilikuwa za kuzunguka, laini, nzuri kwa abiria. Ukiweka tela, nyuma inakaa chini, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu ya miti. Springi za majani za pikapu zinanywea kidogo tu na gari linabaki limenyooka.

Hata hivyo pikapu haiwezi kukuokoa na mzigo uliopangwa vibaya. Uzito unaobonyeza ndoano unatakiwa uwe karibu sehemu ya kumi ya uzito wa tela na mzigo wake. Kijiko changu kikirudi nyuma shubiri mbili tu kwenye tela, ndoano inakuwa nyepesi na ukifika kilomita 80 kwa saa unaanza kuhisi mkia unatafuta njia yake. Kikisogea mbele shubiri hizohizo, unatulia. Nimechora mstari wa rangi kwenye sakafu ya tela, mnyororo wa kijiko ukome pale, anayepakia asibishane nami. Na likianza kuyumba, usikimbilie breki ya mguu wala usikimbizane nalo kwa usukani: ondoa mafuta, shika usukani umenyooka, na kama una swichi ya breki za tela peke yake, zigonge hizo taratibu. Tela linavutwa nyuma na kunyooka.

Mafuta: SUV ikivuta ilinipa kilomita tano kwa lita, na upepo wa mbele ukiwepo hata hizo hazifiki. Pikapu inanipa saba na kitu, mara nyingine nane. Sehemu ya tofauti hiyo ni mafuta yenyewe, kwa kuwa lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Iliyobaki ni injini: dizeli inagandamiza hewa zaidi, na haimwagi mafuta ya ziada kujipoza inapobanwa kama ifanyavyo petroli. Zikiwa tupu, tofauti inapungua sana.

Haya, machungu. Kwanza chujio la masizi, lile mafundi wanaloliita DPF. Linakusanya masizi, kisha linatakiwa kuyachoma kwa joto la karibu nyuzi 600. Joto hilo linapatikana gari likitembea mwendo wa maana kwa muda. Ukiwa mtu wa kwenda dukani na kurudi, kuzima na kuwasha, uchomaji unakatizwa njiani kila mara. Taa inawaka, nguvu zinapunguzwa, na mafuta yanayopulizwa kwa ajili ya kuchoma yanavuja hadi kwenye oili ya injini. Wiki nisizovuta, mimi hulitoa gari nje ya mji kwa makusudi, nalikimbiza kama nusu saa. Ndiyo, nachoma dizeli ili chujio la dizeli lisizibe. SUV haikuwahi kunidai kitu kama hicho. Oili nayo lazima iwe ya majivu machache; fundi akikuwekea yoyote aliyonayo, chujio ndilo litakalolipia.

Pili, maji. Pampu ya dizeli ya kisasa inasukuma mafuta kwa mgandamizo wa bar 2,000 hivi, na nozeli zake zina matundu membamba sana. Tone la maji humo ni ajali. Kuna kituo kimoja kilichonijazia mafuta machafu, taa ya maji ikawaka hata kabla tangi halijafika nusu. Tulifungua koki chini ya filta, kilichotoka kwanza kilikuwa cheupe kama maji ya mchele, kisha ndiyo ikafuata dizeli. Tulibadilisha filta na pampu ikanusurika. Tangu hapo nafungua ile koki kila ninapobadilisha oili, iwake taa isiwake. Pikapu nyingi mpya zinataka na AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, juu yake, tangi jingine la kukumbuka.

Ikiwa tupu, pikapu inaruka. Springi zinazobeba tela kwa heshima zinakurusha kwenye kila tuta, na barabara ikilowa, nyuma ni nyepesi, unakanyaga mafuta kwa adabu. SUV yangu ilikuwa ikizungusha matairi yote manne wakati wote. Hii inazungusha ya nyuma, na ukiweka 4H, ile ya kuzungusha matairi yote manne, kwenye lami kavu unazitesa difu na shafti bure. Wanangu wanalalamikia kiti cha nyuma, kimesimama wima mno. Mizigo iliyokuwa inakaa ndani pamoja nasi sasa inakaa nje na vumbi, ikabidi nifunge kanopi. Kuegesha ni kesi nyingine, tuiache.

Kwa hiyo kama unavuta tela jepesi mara chache kwa mwaka, mimi ningekuambia baki na petroli yako, ufunge kipoza oili ya gia na breki nzuri kwenye tela. Tatizo lako likiwa ni kuyumba, angalia kwanza mzigo umekaaje. Huenda unataka kununua injini wakati unachohitaji ni mstari wa rangi. Dizeli inamfaa anayevuta kila wiki, umbali mrefu, kwenye milima.

Na ukienda kununua, usibabaishwe na ile kilo 3,500 ya uzito wa tela wanayoiandika kila mahali. Tafuta namba nyingine, ya uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Tuseme ni kilo 6,000. Toa tela la 3,500, zinabaki 2,500. Pikapu yenyewe tupu ni kilo 2,100, zimebaki 400. Panda wewe na wenzako watatu, kilo 80 kila mmoja, weka kanopi ya kilo 60. Imebaki nafasi ya jeki na spana.