Kava la siti la elfu 25 kwenye DT 125, nimelivalisha mwenyewe nyumbani

Wakuu nina pikipiki Yamaha DT 125 ya siku nyingi, siti ilikuwa imechanika katikati na kwenye mshono wa nyuma, na kama unaendesha Arusha unajua shughuli yake, kiangazi vumbi linajaa kwenye sponji, mvua ikipiga sponji inakunywa maji halafu unafika kwa watu suruali imelowa nyuma, wanakuangalia tu. Fundi wa siti alitaka elfu 50 na nimuachie siku mbili. Nikaona hapana, nikanunua kava tupu kwenye duka moja la spea maeneo ya Kilombero hapa Arusha, elfu 25, jeusi, juu lina mistari ya kuzuia kuteleza.

Leza yake nzito aisee, ndani ina kitambaa, hapo sina neno. Mistari inashika kweli, ukifunga breki kwenye mteremko husogei kwenda kugonga tenki. Shida ni kipimo. Muuzaji aliapa ni la DT kabisa, kumbe mbele pale linapoingia kwenye tenki ni fupi kama sentimita 2, nimegundua baada ya kulitandika kava la zamani juu yake, kwa hiyo lile la zamani usilitupe mapema. Halafu mishono matundu ya sindano yako wazi, maji yanapita.

Kufungua siti ni bolti mbili tu, unaivuta kwa nyuma inachomoka. Kazi iko kwenye kung'oa pini za zamani zinazoshikilia kava kwenye kitako cha siti, bisibisi bapa na plaizi, zangu zilikuwa zimekula kutu zinakatikia ndani, saa nzima imeisha nimekaa kwenye ndoo nachokonoa. Sponji nimeianika siku tatu maana Julai hii jua lenyewe linatoka saa saba mchana likijisikia. Kwa ajili ya yale matundu nikaifunika na nailoni ya godoro, maana mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, huipati kirahisi. Inasaidia ila ukikaa inalialia kidogo.

Steplaa, ile ya kupigia pini za sofa, niliazima kwa mzee mmoja fundi sofa hapa mtaani Ngarenaro, akanipa na pini zake za mbao, milimita 10. Hapo ndo nilipoharibu. Nikalivuta kava upande wa kulia mwanzo mpaka mwisho, nikapiga pini, nikahamia kushoto, mistari yote ikapinda kama barabara ya mlimani, na nilivyopitisha kiganja pembeni penye sponji nyembamba nikachomwa, ncha za pini zimetokea upande wa pili. Nikambebea mzee siti, shikamoo, akaigeuza akacheka, "Mwanangu, siti haivalishwi kama foronya." Unaanza mbele katikati pini mbili tatu, unaenda nyuma katikati unavuta mpaka inakaza, ndo unakuja pembeni, moja kulia moja kushoto, kona zinakuwa za mwisho kabisa. Na pini ziwe milimita 6, kitako chenyewe ni plastiki siyo ubao.

Nikang'oa zote. Kava nalo na baridi hii limekakamaa, halivutiki, nikalilaza kwenye beseni la maji ya moto kama dakika 10, likalegea vizuri, hapo nikapata hata zile sentimita 2 zilizokuwa zinapungua mbele, kwa kuvuta mpaka vidole vinauma. Msaidizi muhimu, mdogo wangu alikuwa anakandamiza sponji kwa goti mimi napiga pini, na ile ambayo haijazama unaimalizia na nyundo taratibu. Ila nikaliacha likauke kwanza kabla ya kuifunga kwenye pikipiki.

Sasa hivi nina wiki ya tano, nimeshaenda nayo Monduli na kurudi mara mbili na Oldonyo Sambu kwenye vumbi lenyewe, hakuna pini iliyochomoka. Kava nalipa 6 kwa 10, lingekatwa sawa ningelipa 8. Pini box moja na soda ya mzee jumla elfu 7, bado niko chini ya bei ya fundi. Kona ya nyuma kushoto ina mkunjo mmoja uligoma kabisa, na mshikaji wangu kila akipanda nyuma anaugusa kusudi halafu anauliza, "hapa fundi alikuwa nani?"