Mwaka mmoja na vihisi vya unyevu kwenye depo ya vinyago, Lubumbashi

Ninachunga depo ya kituo kidogo cha utamaduni hapa Lubumbashi. Ndani mna vinyago vya mbao, vitambaa vya rafia, na ile misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya wazee wetu wa Katanga. Paa ni la bati, kiyoyozi hakuna, na umeme huja siku unayopenda wenyewe.

Mwaka jana tulinunua vihisi sita visivyo na waya pamoja na kipokezi chake. Kihisi ni kidogo kama kiberiti. Hupima joto na unyevu kila dakika 15, kikatuma kwa mawimbi ya redio, nami nasoma kwenye simu. Jina la kampuni silitaji, maana nina lawama.

Lawama ya kwanza: kipokezi kinategemea umeme na intaneti. Moto ukikatika, simu inakaa kimya. Bahati nzuri kila kihisi kina kumbukumbu yake, kwa hiyo vipimo huingia vyote moto ukirudi. Ukienda kununua, uliza hilo kabla ya kuuliza bei. Kisicho na kumbukumbu mwachie muuzaji.

Ya pili, kabati la chuma. Niliweka kihisi humo, nikafunga mlango, kikapotea kabisa. Ukuta wa matofali ya kuchoma mawimbi hayo ya 868 MHz yanaupenya, lakini chuma, hapana. Sasa mlango naacha upenyo wa kidole.

Ya tatu ndiyo iliyoniudhi. Kabla ya kuamini namba, nilivijaribu kwa chumvi: chumvi ya jikoni kwenye kizibo cha chupa, matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, halafu unafungia pamoja na kihisi ndani ya kopo lisilopitisha hewa, hadi kesho yake. Humo unyevu hutulia kwenye asilimia 75. Vitano vilisoma 74 hadi 76. Cha sita, 83! Muuzaji akanijibu nikirudishe Ulaya kwa gharama yangu.

Pamoja na hayo yote, ningevinunua tena, na sababu ni mwezi wa nane.

Miaka yote tulikuwa tunaogopa mvua. Masika tulihangaika na ukungu, tukasogeza vitu mbali na kuta, tukapanguza. Kiangazi tulipumzika, hata madirisha tulifungua ili vinyago “vipate hewa”. Jioni moja Papa sentinele, mlinzi wetu, akaja mbio: “Mama, kuna kitu kimelia ‘taa!’ mule ndani.” Kinyago kimoja kilikuwa kimepasuka kuanzia kipaji hadi shavuni.

Nikafungua simu. Asubuhi ile unyevu ulikuwa asilimia 46. Saa tisa alasiri, 18. Hakuna maji yaliyotoka chumbani. Usiku wa kiangazi kwetu ni baridi, mchana jua linapiga bati, na hewa ile ile ikipata joto asilimia yake hushuka, maana hewa ya moto inaweza kubeba maji mengi zaidi. Mbao hukauka nje kabla ya ndani, ngozi inajikaza juu ya mwili usiotaka kusinyaa, ndipo inapasuka. Wakuu wa makumbusho makubwa duniani, wale wa kundi la Bizot, wanakubali asilimia 40 hadi 60, bila kuyumba zaidi ya 10 kwa siku. Sisi tuliyumba 28 kwa nusu siku, na dirisha tulifungua kwa mikono yetu. Nilijiona mjinga, nakiri.

Tangu hapo hatukununua mashine. Madirisha yanafungwa kuanzia mwezi wa tano, tumeweka dari ya mbao nyembamba chini ya bati, na vinyago vimehamia kwenye masanduku yenye karatasi nyingi, kwa sababu karatasi hunyonya na kurudisha unyevu polepole. Shaba ni tabia nyingine, yenyewe inataka ukavu. Imekaa peke yake kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Majirani wote wananiwekea.

Betri bado ni zile za mwanzo. Mega za intaneti zinazoliwa ni kidogo sana. Kihisi cha sita hatukukitupa: mgongoni nimekiandika kwa kalamu nene, “toa 8”.