TV ya bure Ireland: kabla hujanunua king'amuzi, angalia paa kwanza

Kila baada ya miezi miwili mitatu napigiwa simu na mtu aliyehamia Ireland juzijuzi, na swali ni lilelile, kaka ninunue king'amuzi gani na kifurushi chake bei gani kwa mwezi. Nimeona niyaandike yote hapa mara moja maana watu wetu wanaliwa hela bila sababu, mtu anasaini mkataba wa mwaka mzima na kampuni ili aangalie taarifa ya habari ambayo inapita bure juu ya paa lake kila siku.

Kwanza kabisa, kifurushi hakuna. TV ya antena huku inaitwa Saorview, saor ni neno la Kiirishi maana yake huru au bure, na ni bure kweli, ukishanunua vifaa basi, hakuna mwisho wa mwezi. Mpango wa mwanzo haukuwa huu. Serikali ilitaka pawe na upande wa bure wa shirika la taifa RTÉ na upande mwingine wa kulipia wa kampuni binafsi, mwaka 2008 Boxer wakapewa nafasi ya huo wa kulipia, 2009 wakajitoa kwa sababu uchumi ulikuwa umeanguka vibaya, wakafuata OneVision nao wakaishia njiani, wakaulizwa Easy TV mwaka 2010 nao wakasema hapana, kwahiyo ukabaki upande wa bure peke yake. Ukazinduliwa rasmi Mei 2011 na waziri Pat Rabbitte, halafu tarehe 24 Oktoba 2012 saa nne asubuhi wakazima analojia nchi nzima, siku ileile waliyomalizia na wenzao wa Ireland ya Kaskazini. Wa Dar mtakumbuka sisi tulianza kuzimiwa 31 Desemba 2012, yani miezi miwili tu baadaye, ila wengi wetu neno king'amuzi tulilijua pamoja na kulipia kila mwezi, na hilo ndo linalotuponza tukifika huku.

Unachopata ni RTÉ One na RTÉ2 kwa HD, TG4 ambayo ni ya Kiirishi na inaonyesha michezo mingi sana ya kwao, chaneli za Virgin Media (ile Virgin Media One zamani iliitwa TV3), RTÉ News, pamoja na redio za RTÉ. Usichopata ni BBC, ITV na Channel 4, hizo nitazifikia.

Hela pekee ya lazima ni leseni ya TV, yuro 160 kwa mwaka, na hii inahusu kila nyumba yenye TV inayoweza kupokea matangazo, hata kama unaitumia kwa YouTube tu, hata kama umepanga. Usiidharau, watu wanapelekwa mahakamani. Mama au baba mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea anayeishi huku aulizie ile Household Benefits Package, yani msaada wa serikali kwa gharama za nyumbani, leseni ya bure imo humo.

Haya, sasa tununue. Napanga kuanzia kinachostahili hela yako zaidi mpaka kile ambacho naomba usikiguse.

Namba moja ni antena nzuri juu ya paa na TV uliyonayo tayari. Najua wengi mlitegemea nianze na king'amuzi, lakini TV yoyote mpya unayonunua dukani huku leo inacho ndani yake, unachomeka waya wa antena nyuma, unasaka chaneli, unaangalia. Kwahiyo hela yako yote iende kwenye antena, waya na fundi. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilipohamia mji wa Drogheda, kaskazini ya Dublin, nyumba ilikuwa na antena kwenye bomba la moshi, nikachomeka TV, picha ikawa inakwama, inakatika vipandevipande kama vigae, sauti inaruka. Siyo zile chenga za zamani ambazo ungevumilia ukaendelea kuangalia mpira, dijitali ikipungua inakufa kabisa. Nikaenda duka moja wakaniuzia king'amuzi, hali ileile, nikarudi wakaniuzia busta, yani kifaa cha kukuza mawimbi, hali ikawa mbaya zaidi, nikarudi tena wakanipa antena ya ndani iliyoandikwa HD kwa herufi kubwa. Wiki tatu nzima, na hela imekwenda.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, alikuwa anafunga antena zamani enzi za ujana wake. Akasimama barabarani mikono mfukoni, akaangalia paa langu, akaangalia paa lake, akaniambia hebu tazama vidole, yani vile vyuma vyembamba vya antena. Vidole vya antena yangu vilikuwa vimelala, vya kwake vimesimama. Aliyekaa humo kabla yangu aliielekeza Belfast, mnara wa Divis, ili apate TV za Uingereza, na mawimbi ya Divis yanakuja yamelala. Mnara wetu wa Saorview upande ule ni Clermont Carn, uko kaskazini karibu uelekeo uleule, lakini mawimbi yake yanakuja yamesimama. Fundi alipanda ngazi, akalegeza nati mbili, akaizungusha antena robo duara, akakaza, akashuka. Ubora kwenye TV ukapanda palepale mpaka juu na mpaka leo haujashuka. Busta nimeitoa, king'amuzi nikampa rafiki.

Kwahiyo kabla hujatoa hata senti, toka nje uangalie antena za majirani, zinaelekea wapi na vidole vimelala au vimesimama. Dublin wengi wanapokea kutoka mnara wa Three Rock, na huko vinalala. Halafu ukifungua menyu ya TV utakuta mistari miwili, nguvu na ubora, wewe angalia ubora. Nguvu unaweza kuipandisha kwa busta, lakini busta inakuza na uchafu uliomo, ubora mbovu unabaki mbovu.

Jambo lingine la antena, mwaka 2020 walimaliza kuyatoa masafa ya 700 MHz kwenye TV wakayaachia mitandao ya simu, minara mingi ikahamia masafa ya chini, TV sasa zinaishia chaneli ya 48 ya UHF, yani masafa yanayotumiwa na TV ya antena. Antena iliyofungwa miaka ya nyuma kwa ajili ya masafa ya juu inaweza kuwa dhaifu sasa hivi bila kuharibika hata kidogo. Ukinunua mpya uliza kama inaishia 48 na inazuia mawimbi ya simu, hasa ukikaa karibu na mnara wa simu. Na waya usiufanyie ubahili, ule mwembamba mweupe wa ndani ya nyumba ukiupeleka nje kwenye mvua za huku maji yanaingia ndani ya mwaka, chukua ule mnene mweusi wa nje wenye utando wa shaba.

Namba mbili ni kombi, yani king'amuzi kimoja chenye sehemu mbili nyuma, moja ya kuchomeka antena ya Saorview na nyingine ya kufunga waya wa dishi. Kama nyumba ina watoto na watu wa kuangalia sana, kwangu mimi hiki ndo kifaa kimoja bora kuliko vyote, nimekiweka cha pili kwa sababu tu siyo kila mtu anakihitaji. BBC na ITV zinatoka bure kwenye satelaiti za Astra zilizoko nyuzi 28.2 mashariki, hulipi mtu. Ila RTÉ kwenye satelaiti hiyo wameifunga, kwa sababu haki za michezo na filamu wamezinunua kwa Ireland tu na satelaiti inamwagika Uingereza nzima, kwahiyo dishi peke yake inakupa za Waingereza bila za hapa, na antena peke yake inakupa za hapa bila za Waingereza. Kombi inaziweka zote kwenye orodha moja na rimoti moja, na hiyo rimoti moja wenye wazazi wazee nyumbani wanajua thamani yake.

Habari njema ni kwamba nyumba nyingi sana za kupanga zina dishi la zamani ukutani lililoachwa na mpangaji aliyekuwa analipia. Ongea na mwenye nyumba kwanza, akikubali linatumika. Kuna mtego mmoja hapa, madishi ya miaka ya karibuni ya Sky Q, huduma ya kulipia ya kampuni ya Sky, yamefungwa LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya aina nyingine ambayo king'amuzi cha kawaida hakiielewi, utasaka chaneli utapata sifuri na utadhani umeuziwa kibovu. Unabadilisha LNB tu, dishi linabaki. Mtego wa pili, usinunue kombi ya mtumba isiyo na HD hata ukiuziwa bei ya soda, BBC walizima chaneli zao zisizo HD kwenye satelaiti mwaka 2024, kwenye kifaa hicho hutaiona BBC kabisa. Kama unaweza ongeza hela kidogo uchukue yenye sehemu ya kuchomeka hard disk, unarekodi kipindi unakiangalia ukitoka shifti ya usiku, kwa watu wa hospitali na viwandani hii ni kitu kikubwa.

Mnaokaa mpakani, Dundalk, Monaghan, Donegal, mnaweza kupata Freeview, yani TV ya antena ya bure ya Uingereza, kutoka Ireland ya Kaskazini kwa antena ya pili bila dishi, TV iwe ya kupokea DVB-T2, ule mfumo mpya wa matangazo ya antena, ili upate na HD. Na walioko upande wa Belfast nao wanazo RTÉ One, RTÉ2 na TG4 kwenye minara yao tangu 2012, hawahitaji kombi.

Namba tatu, king'amuzi kitupu cha Saorview. Hiki ni kwa mwenye TV ya zamani tu, ile aliyopewa na rafiki au aliyookota kwenye duka la mitumba. Ireland walichagua MPEG-4, njia mpya ya kubana picha za dijitali, tangu mwanzo, kwahiyo TV nyingi za kabla ya 2010, hata zikiwa flati na zimeandikwa dijitali, hazielewi, hasa zilizotoka Uingereza ambako walianza na MPEG-2, ile ya zamani. Dalili yake utaijua, TV inasaka na majina ya chaneli yanatokea, sauti pengine inasikika, lakini kioo cheusi. Hapo king'amuzi ni halali yako, tafuta chenye alama ya Saorview Approved kwenye boksi, kiwe na HDMI, na kama TV ni kuukuu sana hakikisha kina skati, ile plagi pana ya TV za zamani. Chini ya yuro mia unapata kizuri kabisa.

Namba nne, antena ya ndani. Kwa aliyepanga chumba au fleti ambako hawakuruhusu kugusa paa, sawa, tena ukiwa ghorofa ya juu na dirisha linatazama upande wa mnara inafanya kazi vizuri tu. Lakini nunua ile ya bei ndogo, iweke dirishani siyo nyuma ya TV, jaribu kuilaza na kuisimamisha, na tunza risiti. Hayo maandishi ya HD na 4K kwenye boksi hayana maana yoyote, antena haijui HD ni nini, inapokea mawimbi tu.

Namba tano ni Saorsat. Minara ya Saorview inafikia asilimia 98 ya watu, waliobaki ni wale wa mabondeni nyuma ya milima na pwani ya magharibi, kwao RTÉ walianzisha mwaka 2012 njia ya satelaiti ya Ka-Sat, nyuzi 9 mashariki. Bure nayo, ila inataka dishi lake na LNB yake ya masafa ya Ka, haipokeleki kwa dishi la Sky, na chaneli za Virgin Media hazimo. Usiifikirie mpaka fundi amepanda juu ya nyumba yako na mita mkononi akakuambia hapa mawimbi hayafiki.

Za mwisho ni vifurushi vya kulipia. Kama wewe ni mtu wa ligi ya Uingereza kila wiki basi lipia, sina neno, hizo mechi za moja kwa moja nyingi hazipo bure. Lakini soma bei baada ya miezi ya ofa kuisha, hapo ndo watu wengi wanalia. Na tafadhali usibebe king'amuzi cha kampuni kutoka nyumbani ukakijaza kwenye begi, kimefungwa kwa kampuni yake, huku hakitakuonyesha kitu.

Ukimwita fundi, mwambie kabla hajaondoka akuonyeshe mstari wa ubora kwenye TV zote za nyumba, siyo sebuleni tu, maana akigawa waya mmoja kwenda vyumba vitatu mawimbi yanapungua kila kona. Na piga picha ya antena ikiwa imekaa sawa, upande inaotazama na vidole vilivyo. Pwani ya mashariki kule upepo wa Januari unazigeuza, mimi yangu imeshageuka mara moja, na ile picha kwenye simu ndo fundi mwingine aliitumia kuirudisha ndani ya dakika kumi.