Mbegu za mitiki nilizonunua mjini, na neno nililoambiwa dukani

Nilikuwa nimeshaandika onyo fupi: msinunue mbegu za mitiki kwenye duka lile. Nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Sasa naona bora nisimulie ilivyokuwa.

Naishi nje kidogo ya Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Baada ya kuwagawia watoto, nimebakiwa na ekari moja, na kwa miaka nimetamani kuipanda mitiki, ile miti ya mbao ngumu. Wapo wanaouita msaji. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos, lakini huku kwetu umeshakuwa mwenyeji. Miche ya kununua ni ghali, nikasema nitaatika mwenyewe. Tulipouza simsim nikaenda kwenye duka moja la pembejeo, nikanunua kilo mbili za mbegu.

Kijana wa dukani alipima, akafunga, akapokea pesa. Nikamuuliza, "Zinaatikwaje hizi, mwanangu?" Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Kama mbegu nyingine tu, mama. Fukia, mwagia maji."

Nikafanya hivyo hivyo. Nikatengeneza tuta chini ya mwembe, kwenye kivuli kizuri, udongo nimeuchekecha kwa mikono yangu, samadi iliyooza, nyasi juu. Maji asubuhi, maji jioni. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ikafika mahali nikiamka alfajiri nakwenda kwanza kuchungulia tuta ndipo ninawe uso. Mwezi na ushee ukapita. Zilizoota zilikuwa tatu. Kilo mbili nzima, tatu!

Nikafukua konzi moja, nikaifunga kwenye kitambaa, nikarudi mjini. Niliingia kwa heshima, nikasalimia. Palikuwa na wateja wanne au watano. Nikamweleza kijana kwamba mbegu hazikuota. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Wenzako wote zimewaotea. Wewe umeziozesha. Kilimo si cha kila mtu, mama. Rudi nyumbani ukapike."

Watu wakacheka.

Mimi nimelima tangu nikiwa mtoto wa kushika jembe la kipini kifupi. Watoto watano wamesoma kwa jembe hilo. Mtoto wa kumzaa ananiambia nikapike, mbele ya watu, na pesa yangu iko kwenye droo yake!

Nikachukua jiwe la mizani lililokuwa pale kaunta. Mbegu ya mtiki, kwa asiyeijua, ni tunda zima, duara kama gololi, limevaa manyoya ya kahawia kama kipande cha blanketi kuukuu, na ndani yake kuna kokwa ngumu sana. Nililigonga likaruka. Nikaligonga tena. Mara ya tatu likapasuka katikati, vikaonekana vyumba vinne vidogo. Vitatu vitupu. Cha nne kina punje moja nyeupe, kubwa kidogo kuliko ya simsim, safi, ukiiminya inatoa mafuta. Nikamuuliza, "Kuoza kuko wapi hapa?" Akaifagia kwa kiganja ikaanguka sakafuni, akamwita mteja mwingine.

Nilirudi na boda nikiwa nalia, sioni haya kulisema. Nikalibomoa tuta lote, udongo na mbegu zake, nikaenda kumwaga nyuma ya jiko.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, ambaye ujana wake wote alikuwa kibarua wa vitalu vya misitu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ulizipa jua?" Akanieleza kwamba mbegu ya mtiki hulazwa majini usiku, asubuhi ikaanikwa juani juu ya gunia, usiku majini tena, hivyo hivyo kama wiki mbili, mpaka lile kokwa lichoke na kulegea. Kitalu chake hakitaki kivuli, kinataka joto. Mbegu iliyookotwa msimu huu huu ni kaidi kuliko iliyokaa ghalani mwaka mmoja. Na hata ukifanya yote, usishangae ikiota chini ya nusu, tena kwa mafungu, leo mbili, wiki ijayo kumi. Maelezo hayo yote hayakumaliza hata kikombe cha chai. Yule kijana yalimshinda nini?

Basi, kule nyuma ya jiko ni peupe, jua linapiga kutwa. Na kila jioni binti yangu humwaga pale maji ya kusuuzia vyombo. Siku moja baada ya mvua za kwanza kwanza nikasikia ananiita, "Mama, njoo uone!" Zilikuwa zimechomoza kila upande, vijani viwili viwili.

Kwa hiyo haki isemwe: mbegu za duka lile ni nzuri. Hazikuwa kuukuu, hazikuwa zimeoza. Nilikaa kuandika haya nikiwa na nia ya kuwasifia bidhaa yao na kuyaacha mengine yapite. Lakini kila nikifika kwenye lile neno, kifua kinawaka upya. Hapana, msiende. Au, kama huna pengine pa kuzipata, nenda, nunua, toka, na ushauri katafute kwa mtu aliyewahi kuotesha.

Nilibaki na wasiwasi mmoja, kwamba labda nimeuziwa melina, mti mwingine wa mbao, maana na wenyewe hupandwa sana huku. Mzee akachuma jani changa, akanipa nilisugue baina ya vidole. Vidole vikawa vyekundu kama nimeshika hina. Akasema ndio wenyewe.

Jana nilihesabu miche 118 kwenye viriba, na nyingine bado zinachomoza. Binti yangu anasema tumpelekee yule kijana mche mmoja auweke pale kaunta. Nimemkatalia. Nitaona mvua zikikolea.