Kongamano la wapiga picha wa kamera kubwa, Monterey: nendeni jamani

Aisee kama uko California na unapiga 4x5 au 8x10 (ukubwa wa filamu kwa inchi), likitokea kongamano la hivi usilikose. Eneo lenyewe tu linatosha, mpiga picha maarufu Edward Weston aliishi hapo jirani Carmel na pwani ya mawe ya Point Lobos aliipiga picha miaka na miaka, Ansel Adams, gwiji wa picha za mandhari, naye alikaa Carmel Highlands mpaka anafariki 1984.

Kilichonikosha zaidi ni meza za printi, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi. Zile za 8x10 za kontakti, yaani negativu inalazwa moja kwa moja juu ya karatasi bila kukuzwa, halafu unaruhusiwa kuinama mpaka pua inakaribia kugusa, unaona kila punje ya mchanga na vivuli bado vina kitu ndani, skrini ya simu haikupi hiyo hata siku moja.

Darasa la kuinamisha lenzi nalo lilikuwa zuri sana, mwalimu anakuweka chini ya kitambaa cheusi, picha imepinduka kwenye kioo cha nyuma ya kamera, anainamisha lenzi mbele kidogo tu na mawe ya miguuni mpaka mlima wa mbali vyote vinaonekana vikali bila ukungu, tena bila kubana diafragma (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) sana. Hapo wengi tulielewa.

Shida ni mihadhara kubanana mno, muda wa kutoka nje na kamera ukawa kiduchu, na taa za ukumbini zilikuwa mbovu kwa kuangalia printi. Nyota nne, na mwakani naenda tena.