Eti nachelewa mdundo! Uzoefu wangu na saundi kadi ya kurekodia gita

Naandika hii hasira bado haijashuka kwahiyo mnivumilie. Kampuni sitaitaja, wao wenyewe jina langu hawakulijali, mara tano zote wameniandikia "Mpendwa Mteja". Ni kile kisanduku kidogo, unachomeka gita upande mmoja na waya wa USB upande wa pili, unafungua biti kwenye kompyuta, unavaa hedfoni unacharaza juu yake, basi. Mimi sirekodi bendi wala kwaya, nina gita moja na biti zangu za ngoma na besi, nafanya usiku watu wakishalala.

Niseme ukweli, siku ya kwanza nilikuwa kama mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa nachomeka gita kwenye tundu la maiki la kompyuta, waliowahi kufanya hivyo wanajua, ni shhhhhh mwanzo mwisho na gita lenyewe kama limefunikwa blanketi. Hiki kisanduku kina kitufe cha gita pembeni ya jeki, nikakibonyeza aisee, sauti ikafunguka, hadi ukucha ukigusa waya unausikia. Nikasema nimepata. Ningeandika hii rivyu usiku ule ule ningewapa nyota tano na mapambio juu.

Sasa nikarekodi solo yangu moja ya dakika tatu hivi, napiga najisikia kabisa nimekaa, ngoma inaenda na mimi naenda nayo. Nikairudisha nisikilize. Jamani. Gita linaburuta miguu! Kila noti inaingia ngoma ishapita, kidogo tu, ila ni ule udogo unaokera kuliko kukosea kabisa, yaani kama mtu anayeitikia dua baada ya wenzake. Nikarekodi tena vilevile. Mara ya sita nikaweka gita chini nikaanza kujiuliza kama umri umenifikia.

Hapa nakiri kosa langu kabla hamjanisuta, nilikuwa navaa hedfoni za Bluetooth. Najua, najua. Zile zinachelewesha sauti milisekunde 100, 200, wakati mwingine zaidi, huwezi kurekodi nazo. Nikatafuta za waya, nikawasha ile swichi ya kujisikia moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku bila kupitia kompyuta, nikaamini yameisha. Hayakuisha. Yalipungua, ila gita bado lilikuwa nyuma.

Ndo nikawaandikia kastoma kea. Jibu la kwanza, zima kompyuta uwashe. Sawa. La pili, punguza bafa, yaani ile akiba ya sauti kompyuta inayoikusanya kwanza kabla ya kuishughulikia. Nikapunguza, nikatoka 1024 nikaja 128 nikashuka hadi 64, sauti ikaanza kupasukapasuka kama redio inayotafuta stesheni, na gita bado liko nyuma. Nikawaeleza vizuri kabisa, nikawatumia na kipande wasikilize. Siku zikapita, wiki kama sikosei. Jibu likaja, nalinukuu kama nilivyolihifadhi maana nimelisoma mpaka nimelikariri: "Mpendwa Mteja, kifaa chako kipo sawa. Inawezekana unachelewa kwenye mdundo. Tunashauri ufanye mazoezi kwa kutumia metronomu."

Metronomu! Kile kidude cha kugonga tik tik ili anayejifunza ashike mdundo!

Nilinyanyuka kwenye kiti. Mimi ninayepiga gita tangu nyuzi naziunga fundo zikikatika, niambiwe na mtu ambaye hajui hata nimeshika gita mkono upi. Usiku ule sikulala, na sitanii.

Ila hasira ina faida zake. Nikiwa nageuka geuka kitandani nikawaza, mtu asiye na tempo anakosea ovyo, mara mbele mara nyuma, mara hii kidogo mara ile sana. Langu lilikuwa pale pale kila noti, na binadamu hakosei hivyo. Nikaamka nikachukua waya mmoja, nikatoa sauti kwenye tundu la kutokea la kisanduku nikairudisha kwenye tundu la kuingilia, hakuna gita hakuna mtu, nikacheza kliki, ule mlio mfupi wa kuhesabia mdundo, na kuirekodi ileile kliki. Nikavuta picha ya sauti ikawa kubwa nikapima pengo. Milisekunde 38. Nikarudia, 38. Mara kumi, 38. Sasa kwenye huo waya nani alikuwa anahitaji metronomu?

Kwa asiyeona ukubwa wake, sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo 38 ni sawa na mimi kusimama mita 13 mbali na mpiga ngoma huku tunajidai tuko jukwaa moja.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Programu ya kurekodi inajua sauti inachelewa kwenda na kurudi, kwahiyo ukimaliza yenyewe inakivuta ulichopiga kije mapema zaidi kikae mahali pake. Lakini inakisogeza kiasi gani? Inamuuliza draiva, ile programu ndogo inayounganisha kisanduku na kompyuta. Na draiva wa hiki kisanduku anadanganya, anataja pungufu, zile 38 zilizobaki unabebeshwa wewe mpigaji. Mimi programu yangu ya kurekodi ni Reaper, kwenye mipangilio ya kurekodi kuna sehemu ya kuandika marekebisho kwa mkono, kwa milisekunde au kwa sampuli, vile vipande vidogo vidogo ambavyo kompyuta inaikatakata sauti. Kwa sampuli 44100 kwa sekunde hiyo 38 inakuja kama 1,676, nikaandika, nikapima tena kwa waya, kliki imelala juu ya kliki. Dakika mbili! Audacity, programu nyingine ya kurekodi, nayo ina sehemu hiyo, inakuja imeandikwa milisekunde -130 ya kukadiria, ila kila mtu apime ya kwake, na ukibadilisha bafa pima upya.

Dakika mbili ambazo yule mpendwa wa wateja angeweza kunielekeza siku ya kwanza. Nikawatumia vipimo vyangu vyote na picha. Wakanijibu asante kwa maoni yako, chini yake wameweka kile kidodoso, je umeridhika na huduma yetu, kuna vikatuni vya kucheka na kununa. Nikabonyeza cha kununa mpaka kidole kikaniuma.

Sasa mnunue au msinunue? Nyota moja. Hapana, huduma ndo nyota moja, tena ya kuazima. Kisanduku chenyewe... jana nimerekodi nacho mpaka saa nane usiku, na sauti ni tamu, siwezi kusema uongo, tangu niandike ile namba hakijanisumbua. Nilikuwa nimeshakirudisha kwenye boksi lake na gundi juu, nimeitoa gundi. Labda tatu. Nikikumbuka metronomu inarudi mbili.

Halafu kuna jambo jingine, nisipolisema nitakuwa nimewaficha. Ile solo nimeirekodi upya, kila kitu kimekaa, nikavuta picha ya sauti kuikagua noti kwa noti. Ubeti wa kwanza safi. Ubeti wa pili pale ngoma inapopanda, nawahi. Kweli kabisa nawahi, na siyo mara moja, mkono unakimbia mbele ya ngoma.

Lakini yeye alisema nachelewa. Na sijachelewa hata noti moja, nimezikagua zote.